Nilikata hesabu ya binti yangu kwa kalamu nyekundu: je, Mwezi unaivuta Dunia sawa na Dunia inavyouvuta?

Barua

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mzazi wa hapa Uyole, Mbeya. Kazi yangu ni viazi. Nanunua Isyonje na vijiji vya juu huko, napakia, mzigo unateremka Dar es Salaam. Nina miaka 19 kwenye kazi hii, na kitu ninachojivunia ni vipimo. Tangu nilipoachana na lumbesa, kila gunia langu linapanda kwenye mzani, mkulima anaziona kilo zake kwa macho yake, namlipa, tunaagana vizuri. Nasema haya ili uelewe kwa nini jambo lenyewe limenikaa rohoni.

Binti yangu wa kwanza yuko kidato cha tano, shule ya bweni Iringa, tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati. Likizo hii amekuja na kazi nyingi za kufanya. Jumapili jioni umeme ulikatika, tukawa tumekaa sebuleni na taa ya sola: mimi, mama yake, mjomba wake na kijana anayenisaidia kupakia. Yeye yuko mezani anaandika. Nikamuuliza anafanya hesabu gani, akasema ameambiwa atafute nguvu ya mvutano kati ya Dunia na Mwezi.

Nikavutiwa. Niliishia kidato cha nne, lakini hesabu nilizipenda. Akanionyesha kanuni: unazidisha G, namba ya mvutano isiyobadilika, kwa uzito wa Dunia kwa uzito wa Mwezi, halafu unagawanya kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Nikachukua simu nikaingiza namba zile zile alizopewa. G ni 6.67 × 10⁻¹¹, Dunia ni kilo 5.97 × 10²⁴, Mwezi ni kilo 7.35 × 10²², umbali ni kilometa 384,000. Yeye alipata 1.98 × 10²⁰. Mimi nikapata 1.98 × 10²⁶. Nikarudia mara tatu, jibu halikubadilika. Nikamwambia amekosea.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo la pili: "Baba, nguvu hiyo ni ya wote wawili. Dunia inavyouvuta Mwezi, Mwezi nao unaivuta Dunia vile vile, sawasawa." Hapo nikacheka. Nikamwambia kikubwa ndicho kinachovuta, kidogo kinavutwa. Gunia la kilo mia na kisado cha viazi haviwezi kuwa sawa. Mjomba wake naye akacheka. Alipotaka kuendelea kueleza, nikachukua kalamu nyekundu, ile ninayokatia madeni yaliyolipwa kwenye daftari la dukani, nikaipiga hesabu yake mstari mmoja kutoka kona hadi kona, nikaandika "RUDIA".

Tangu siku hiyo hasomi mezani. Anabeba daftari anakwenda jikoni, anakaa kwenye kigoda karibu na mkaa. Asubuhi ni "Shikamoo baba", usiku ni "Lala salama", katikati hakuna kitu. Mama yake ameniambia neno moja tu, kwamba nimemvunja moyo mtoto. Jumamosi anapanda basi kurudi shule.

Nieleze kwa lugha ninayoielewa, Mwalimu. Nani kakosea? Na kama ni mimi, nianzie wapi?

Mzazi, Uyole

Majibu

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na karatasi na kalamu mkononi.

Binti yako yuko sahihi. Yuko sahihi kwenye namba, na yuko sahihi kwenye lile neno mlilolicheka, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayeweza kusema sentensi ile mbele ya wakubwa zake ameielewa Fizikia; wapo wengi wanaopata jibu la namba bila kuelewa hilo.

Tuanze na namba. Jibu lako na lake yana tarakimu zile zile, 1.98. Kinachotofautiana ni vipeo, 20 na 26. Maana yake jibu lako limezidi la kwake mara milioni moja kamili. Mtu aliyebonyeza ovyo hapati tofauti safi namna hiyo. Hiyo ni alama ya kilometa.

G, ile 6.67 × 10⁻¹¹, imepimwa kwa kilo, mita na nyutoni, ambayo ni kipimo cha nguvu. Ukiipelekea kilometa ni kama kumpimia mteja kwa debe halafu ukamtoza bei ya kilo: hesabu ya kuzidisha inaweza kuwa safi kabisa na bado mmoja wenu akaibiwa. Umbali wa kilometa 384,000 ni mita 384,000,000, yaani 3.84 × 10⁸. Ulipouacha kwenye kilometa uliupunguza mara 1,000, na kwa kuwa kanuni inautaka umbali uzidishwe kwa wenyewe, 1,000 mara 1,000 ikawa milioni. Umbali uko chini ya mstari wa kugawanya; ukikosea ukawa mdogo, jibu linapaa. Binti yako aligeuza kilometa kuwa mita kabla hajaanza. Pengine aliifanya kichwani, hukuiona kwenye karatasi.

Sasa weka simu pembeni, chukua daftari, tuifanye kwa mkono. Siri ya namba kubwa hizi ni kuzitenga: tarakimu upande wake, vipeo vya kumi upande wake. Tarakimu za juu ni 6.67 mara 5.97 mara 7.35, unapata 292.7. Ya chini ni 3.84 mara 3.84, unapata 14.75. Gawanya: 19.85. Rudi kwenye vipeo: juu una −11, 24 na 22, vikijumlishwa ni 35. Chini una 8 mara mbili, ni 16. Toa 16 kwenye 35, inabaki 19. Kwa hiyo jibu ni 19.85 × 10¹⁹, ambalo ukilisogeza nukta moja linakuwa 1.98 × 10²⁰. Kizio chake ni nyutoni. Hii ndiyo hesabu uliyoikata.

Ukipenda kutumia simu, ilaze ili vitufe vingi vitokee, na kwa 10⁻¹¹ tumia kile kitufe cha EXP au EE peke yake. Wanaoandika "10" halafu wakabonyeza EXP wanajiongezea mara kumi bila kujua. Kosa hilo nimelisahihisha kwenye karatasi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kuna jambo jingine kuhusu umbali ambalo nataka ulijue, kwa sababu linahusu gunia lako. Umbali wa kwenye kanuni hupimwa kutoka katikati ya kitu kimoja hadi katikati ya kingine. Kila mwaka nilipowapa wanafunzi hesabu ya mvutano kati ya Dunia na mtu aliyesimama juu yake, walikuwepo walioandika umbali ni sifuri, "kwa sababu amesimama chini, Mwalimu". Kugawanya kwa sifuri hakuna jibu. Umbali wa gunia lako lililoko sakafuni hadi katikati ya Dunia ni karibu kilometa 6,371, yaani mita 6.37 × 10⁶. Weka kilo 100 za gunia mahali pa Mwezi, fuata hatua zile zile, utapata karibu nyutoni 980. Hicho ndicho kinachowafanya vijana wako wagune wanapolinyanyua. Kanuni ni ile ile moja, kwenye viazi vya Isyonje na kwenye Mwezi.

Hapo pia ndipo neno letu "uzito" linapotuchanganya. Gulioni uzito ni kilo. Kwenye Fizikia kilo ni kiasi cha kitu chenyewe, wataalamu wa lugha wanakiita tungamo, na uzito ni nguvu ambayo Dunia inakivuta nayo, inayohesabiwa kwa nyutoni. Gunia lako likitoka Uyole hadi Kariakoo halipotezi hata kiazi kimoja cha tungamo (vijana wa njiani wakiwa waaminifu). Lakini Mbeya iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hapa gunia liko mbali zaidi kidogo na katikati ya Dunia. Kwa kimo hicho peke yake, mzani wa springi uliorekebishwa Dar es Salaam na kuletwa huku ungesoma pungufu ya gramu 50 hivi kwa kila kilo 100. Ni kiazi kimoja kidogo. Mzani wa mawe haudanganyiki, kwa sababu mawe yenyewe nayo yanavutwa pungufu kwa kiwango hicho hicho.

Sasa lile neno lililokuchekesha.

Itazame tena kanuni. Tungamo la Dunia na tungamo la Mwezi vinazidishwa pamoja. Ukianza na Dunia kisha Mwezi, au Mwezi kisha Dunia, jibu ni moja, kama ambavyo magunia 3 ya kilo 90 na magunia 90 ya kilo 3 yote ni kilo 270. Hakuna mahali kwenye kanuni palipoandikwa "mvutaji" na "mvutwaji". Inatoa nguvu moja, na nguvu hiyo ni ya wawili hao kwa pamoja. Hakuna jibu la Dunia na jibu jingine la Mwezi.

Najua akili inakataa. Kwa hiyo usiniamini mimi, amini mizani yako. Bila shaka unayo ile ya kuning'iniza yenye ndoano, na jirani hatakosa wa pili. Pachika ndoano ya mmoja kwenye ndoano ya mwingine. Wewe shika upande mmoja, binti yako ashike wa pili, mizani ilale kati yenu, halafu vutaneni. Kijana wa kupakia asome wa kwako, mjomba asome wa binti. Vuta kwa nguvu zako zote za miaka 19 ya magunia. Mizani yote miwili itasoma sawa. Ukisoma kilo 12, na wa kwake ni 12. Akikushinda akakuburuta, bado itasoma sawa. Hata akisimama tu bila kuvuta, ameshikilia wake, itasoma sawa. Huwezi kumvuta mtu bila yeye kukuvuta kwa kiasi kile kile.

Kinachotofautiana ni nani anasogea, na kiasi gani. Kama umewahi kufika Matema, umeona boti kubwa na mtumbwi zikiwa zimeelea karibu karibu kwenye Ziwa Nyasa. Tuseme boti ni tani 8 na mtumbwi na aliyemo ni kilo 100. Mtu wa kwenye boti akivuta kamba, mtumbwi unakuja mbio, na boti linaonekana kama limetulia. Halikutulia. Limesogea pia kuelekea mtumbwi, ila kidogo sana, kwa sababu nguvu ile ile ya kamba inahangaika na kitu kizito mara 80. Nimechagua 80 makusudi: Dunia ina tungamo la Mwezi mara 81 hivi. Kwa hiyo gawanya nguvu ya binti yako, 1.98 × 10²⁰, kwa tungamo la Mwezi, utapata mchapuko, yaani kiasi ambacho mwendo unaongezeka kila sekunde, wa mita 0.0027 kwa sekunde kwa sekunde. Igawanye kwa tungamo la Dunia, utapata 0.000033. Nguvu moja, mienendo miwili. Wewe ulikuwa unafikiria mwendo, yeye alikuwa anasema nguvu, na nyote mkatumia neno moja, kuvuta.

Ile 0.0027 usiipite haraka. Ina maana kwamba kila sekunde moja Mwezi unaanguka kuelekea kwetu karibu milimita 1.4, unene wa punje ya ulezi. Na katika sekunde hiyo hiyo umekwenda mbele, kwa ubavu, karibu kilometa moja. Ndiyo maana hautufikii: unaanguka na kupita, unaanguka na kupita, hadi unatuzunguka. Isaac Newton aliiona hesabu hii bila kuijua G. Alijua kitu kilichoachiwa hapa chini huanguka karibu mita 4.9 katika sekunde ya kwanza, na kwamba Mwezi uko mbali mara 60 ya umbali wetu sisi kutoka katikati ya Dunia. Umbali ukiwa mara 60, mvutano unapaswa kupungua 60 mara 60, yaani mara 3,600. Gawanya mita 4.9 kwa 3,600. Ni punje ile ile ya ulezi. Usiku mmoja wenye Mwezi, unapochomoza juu ya safu ya Uporoto, toka nje na binti yako uihesabu ukiwa unautazama. Mimi niliifanya hivyo nikiwa kijana, na hadi leo sijaacha kuutazama Mwezi kwa namna hiyo.

Na Dunia nayo inaitika. Dunia na Mwezi vinazunguka nukta moja kati yao, iliyo karibu kilometa 4,700 kutoka katikati ya Dunia kwa upande wa Mwezi. Bado iko ndani ya Dunia, ndiyo sababu hatuoni kitu. Lakini bahari inaona. Madereva wako wakifika Dar es Salaam wawaulize wavuvi wa Feri kuhusu bamvua. Watawaambia maji hujaa na kupwa kupita kiasi Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huwa maji mafu siku za katikati. Kinachofanya kazi pale ni kwamba Mwezi unavuta maji ya upande ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali, na Jua linachangia kwa kujipanga nao au kukaa ubavuni. Watu wa pwani wamepanga safari zao kwa hesabu hiyo kwa karne nyingi. Mwezi ungekuwa unavutwa tu bila kuvuta, pasingekuwa na bamvua.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa mizani, siwezi kumaliza bila kukusimulia mzani mmoja. Newton alichapisha kanuni yake mwaka 1687, lakini hakujua G ni ngapi, na hakuna aliyejua Dunia ni kilo ngapi. Utaipandisha Dunia kwenye mzani gani? Ilipita zaidi ya miaka 100. Kisha mwaka 1798 Mwingereza Henry Cavendish akatoa majibu ya kazi aliyoifanya kwa kifaa kilichobuniwa na mwenzake John Michell, ambaye alifariki kabla hajakitumia. Ulikuwa ufito wa mti wa karibu mita 1.8 unaoning'inia kwa waya mwembamba, na kila ncha ina kigololi cha madini ya risasi cha gramu 730. Karibu na vigololi hivyo akasogeza matufe mawili makubwa ya risasi, kila moja kilo 158 hivi. Matufe yakavivuta vigololi, waya ukajisokota kidogo, naye akapima msokoto. Nguvu aliyokuwa anaipima ilikuwa ndogo kuliko uzito wa chembe moja ya chumvi. Pumzi au joto la mwili wa mtu lingeiharibu, kwa hiyo alikifungia kifaa chumbani na kukisoma akiwa nje, kwa darubini iliyopitishwa ukutani. Alichokipata ni kwamba Dunia, kwa ujumla wake, ni nzito karibu mara 5 na nusu ya maji ya ujazo ule ule. Zile kilo 5.97 × 10²⁴ ulizoingiza kwenye simu Jumapili zinatokana na kazi ya aina hiyo, iliyorudiwa na kusafishwa na watu waliomfuata.

Nawe unaweza kuhesabu kitu kama chake. Magunia yako mawili ya kilo 100, yakiwa yamesimama bohari na katikati ya moja hadi katikati ya jingine ni mita moja, yanavutana kwa nyutoni 6.67 × 10⁻⁷. Ni kama uzito wa chembe moja ya chumvi laini. Yanavutana kweli, sasa hivi unaposoma, ila sakafu na msuguano havitayaruhusu kusogea kamwe. Na gunia na kisado vinavutana sawasawa vile vile, kila kimoja kwa nguvu ya mwenzake.

Sasa habari ya nyumbani kwako.

Mama yake amesema kweli. Binti hakuumizwa na kuambiwa amekosea. Mwanafunzi wa sayansi anaambiwa hivyo kila wiki. Aliumizwa kwa sababu alikuwa anaeleza na hukumwachia amalize, na watu wakacheka. Ungemwachia dakika tano ungelikuta kosa la kilometa mwenyewe, nanyi wawili mngefurahi. Umesema unampa mkulima nafasi ya kuuona mzani kwa macho yake kabla hujamlipa. Binti yako hakuipata nafasi hiyo mezani kwako.

Uliniuliza uanzie wapi. Usisubiri Jumamosi asubuhi kituo cha basi, mizigo inapakiwa na kondakta anapiga kelele. Fanya Ijumaa jioni, sebuleni pale pale, na wawepo wale wale, mjomba na kijana wa kupakia. Kusahihisha kwa kunong'ona jambo ulilolikosea hadharani hakumrudishii alichopoteza. Mwambie mbele yao: "Mwanangu, niliacha kilometa badala ya mita. Jibu lako lilikuwa sahihi, na nilikosea kukucheka." Usiongeze "lakini". Usimkumbushe kwamba wewe ndiye unayelipa ada. Kisha mpe mizani miwili awaonyeshe yeye, awapange nyote nani ashike wapi, na mjomba asome namba kwa sauti.

Lile karatasi lenye mstari mwekundu usilichane wala kumnunulia daftari jipya kana kwamba halikuwepo. Muombe alilete. Chini ya neno "RUDIA" andika kwa kalamu ile ile: "Baba amerudia. 1.98 × 10²⁰ N. Sahihi." Weka tarehe, tia saini, kama unavyofanya deni likilipwa.

Inawezekana asiseme mengi siku hiyo. Mabinti wa umri wake wanaitafakari radhi kwanza kabla ya kuipokea. Usimlazimishe kutabasamu. Ila kiti chake cha mezani kiwe wazi, na taa ya sola iwekwe upande wake.

Na kama mtakuwa na nafasi kabla ya basi, hesabu hii ifanyeni wawili, yeye akiwa mwalimu na wewe mwanafunzi: chombo kinachotoka Duniani kwenda Mwezini, kwenye mstari ulionyooka, kinafika mahali ambapo Dunia inakivuta nyuma na Mwezi unakivuta mbele kwa nguvu sawa. Mahali hapo ni umbali gani kutoka katikati ya Dunia? G haitahitajika, itajifuta yenyewe. Mtahitaji tu kujua kwamba Dunia ni mara 81 ya Mwezi na kwamba 9 mara 9 ni 81. Mkipata karibu kilometa 346,000, mmefika.